Kuni za Darasa la Saba

Pelagia alizaliwa Kasansa kwa wakulima wa mpunga, akasomea ualimu, na nilipohamia kufundisha shule yetu ya Makanyagio nilimkuta na darasa lake na baiskeli yake ya kiume. Hakuwa mwalimu wa kupendwa haraka. Alisahihisha kila daftari, alifoka, na mtoto asipoonekana siku mbili alikwenda kwao mwenyewe kuuliza.

Mwaka 1996 alikuwa na darasa la saba, watoto sitini na mmoja. Aliyekuwa na uhakika naye wa kwenda sekondari ni Mariana, binti wa fundi baiskeli aitwaye Séverin. Wote tuliwajua kuwa Waha wa Kasulu. Ndivyo walivyosema walipohamia, na lafudhi yao haikumshangaza mtu.

Wiki tano kabla ya mtihani Mariana alikosa shule siku nne. Aliporudi, mwalimu mkuu, Telesfori, alimsimamisha mlangoni pa ofisi.

"Barua ya mjumbe iko wapi?" Mtoto aliyefiwa alitakiwa kuleta barua ya mjumbe wa nyumba kumi.

"Sina, mwalimu."

"Amekufa nani?"

"Bibi. Na mama wadogo wawili. Na watoto wao."

"Wote kwa mpigo! Wamezikwa wapi?"

"Hatujui."

"Msiba gani usio na kaburi? Sema ulikuwa kwenye vibarua. Lete mkono."

Alichapwa fimbo nne na hakulia. Kutolia huko ndiko kulikomsumbua Pelagia. Alimpeleka nyuma ya stoo ya majembe, akamuuliza taratibu, na mtoto akasema yote. Hawakuwa Waha, ingawa Kiha na Kirundi husikika karibu sawa. Walivuka kutoka Burundi mwishoni mwa mwaka 1993 na hawakwenda kambini. Sasa alikuwa amekuja mtu na habari kwamba kilima chao kimechomwa na waliobaki wameuawa. Mama yake alikuwa analia huku amejaza kanga mdomoni, majirani wasije wakasikia na kuuliza.

"Tutawapelekea kuni," Pelagia aliniambia jioni ile.

Shuleni kwetu, mwanafunzi akifiwa, darasa lake lilikwenda kwao kwa mstari, kila mtoto na ukuni mmoja na kikombe cha unga. Waliimba wimbo mmoja, wakaweka vitu, wakaondoka. Nilimwambia ni jambo jema. Sikuona kosa lolote. Naandika hivyo kwa sababu baadaye kila mtu alisema aliliona.

Mariana alipoambiwa alisema, "Mwalimu, msije." Pelagia alidhani anaona aibu kwa nyumba yao ya nyasi. Akalitangazia darasa, ili wasimcheke tena kwa zile fimbo, kwamba mwenzao amefiwa na ndugu saba huko Burundi.

Ijumaa mchana tulitoka.

"We Nashon, huo ukuni au kijiti cha meno?"

"Wako umeng'oa kwenye uzio wa bibi yako!"

"Kimya!" Pelagia alifoka, nao wakaanza kuimba.

Mama yake Mariana alitoka, akautazama mstari ule wa watoto, akakaa chini palepale. Kisha alipiga yowe, akayataja majina moja moja, kwa Kirundi. Wanawake wa jirani waliacha kazi zao wakaja mbio, na jioni sufuria zilikuwa jikoni. Msiba ulikaa siku tatu. Mjumbe, Silvester, alikuja na mkeka wake, akalala pale na wafiwa. Sijawahi kuiona shule yetu ikifanya jambo zuri kuliko lile.

Séverin alimsindikiza Pelagia hadi barabarani akisukuma baiskeli yake. "Asante, mwalimu," alisema. "Mke wangu ameweza kulia." Akamkabidhi baiskeli. "Sasa wanatujua."

Siku kumi na mbili baadaye likaja agizo la serikali kwamba wakimbizi wanaoishi mitaani wapelekwe kambini, na wajumbe waandike majina. Pelagia alikwenda kwa Silvester.

"Umewaandika?"

"Nimeulizwa, mwalimu. Nilisema tangu mwanzo ni Waha, na ningesema hivyo hadi kufa. Lakini watoto sitini wamepita mtaani wakiimba! Kila nyumba inajua. Nikiwaficha, nafungwa mimi."

"Ulikula kwao."

"Na wewe ndiye uliyepeleka unga."

Pelagia aligeuza baiskeli. Alikwenda kwa ofisa aliyesimamia magari, akaomba Mariana abaki kwake wiki mbili tu, afanye mtihani. Ofisa alimwuliza kwa upole kama mtoto ana kibali cha kuishi nje ya kambi, naye hakuwa nacho. Telesfori, aliyeombwa aandike barua ya kumtetea, alisema shule haina habari ya uraia wa mtu.

Asubuhi lori lilipopakia, Pelagia alifika na rula, penseli mbili na madaftari ya hesabu ya Mariana. Mama alimpa mkono kutoka juu na kumshukuru, na alishukuru kwa moyo wake wote. Hilo lilimwuma kuliko lawama. Mariana alikuwa amekaa juu ya godoro, uso ameuelekeza upande wa pili.

"Mariana, kuna shule huko. Uwape walimu madaftari haya, waone umefika wapi. Niambie nikuletee nini kingine, nitakuja."

Msichana aligeuka. Tangu darasa la tano hakuwa amepita mbele ya mwalimu huyu bila kumwamkia.

"Usituletee kitu, mwalimu," alisema.

Pelagia alibaki na madaftari mkononi hadi lori likapinda kona, kisha akapanda baiskeli akawahi kipindi cha kwanza.