Niliitika Mlimani

Baada ya arobaini ya mama, watu walikunja majamvi, wakaosha masufuria, wakarudi makwao. Kaka yangu alipanda treni kwenda Dodoma, mdogo wetu akarudi Mwanza. Nikabaki na nyumba. Ni nyumba aliyoijenga babu yetu hapa Ujiji, alipovuka ziwa kutoka Kongo akiwa kijana, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili. Zamani vyumba hivyo vilijaa watu. Sasa nililala katika kimoja, na milango ya vingine niliifunga, kisha nikaifungua tena, kwa sababu ikiwa imefungwa ilinitisha zaidi.

Sikuolewa tena baada ya ndoa yangu kuvunjika, na sikujaliwa mtoto. Mama alipopooza upande mmoja, sote tuliona, bila kuitisha kikao, kwamba mtu wa kukaa naye ni mimi. Sikulalamika. Nilishona nguo za watu pale ukumbini, nikaacha cherehani, nikamgeuza, nikamlisha, nikarudi kwenye cherehani. Miaka ikapita hivyo. Wageni walipita mjini na mabegi mgongoni wakielekea milima ya Mahale kuona sokwe, nami niliwatazama kama unavyotazama mvua ya ng'ambo ya ziwa: unaiona inanyesha, lakini haikuloweshi.

Nilipomwambia jirani yangu kwamba nakwenda huko, alidhani natania. Tumekua pamoja, kwa hiyo hakunificha.

"Dada, mtu aliyefiwa huenda kwa ndugu zake," alisema. "Haendi kwa sokwe."

Nilimjibu kwamba kwa ndugu zangu kila mtu angeniuliza nina mpango gani sasa, na mpango sikuwa nao. Sokwe wasingeniuliza.

Nilisafiri kwa boti ya abiria, nimeketi kati ya magunia ya unga na godoro la bibi mmoja aliyekuwa akihamia kwa mwanawe. Tulifuata ufuko kuelekea kusini, tukishusha watu kijiji baada ya kijiji, mpaka milima ikaanza kuinuka moja kwa moja kutoka majini. Juu yake palikuwa na wingu lililotulia kama kitambaa kilichoanikwa na kusahauliwa. Nilimuuliza bibi mwenye godoro kama wingu lile huondoka. Akasema yeye amezaliwa upande ule na kilele chenyewe amekiona mara chache.

Kwenye mabanda ya wageni nilikutana na vijana wawili kutoka Dar es Salaam waliofunga ndoa karibuni. Waliniamkia vizuri, wakaniuliza nimekuja na nani. Niliposema nimekuja peke yangu, binti alitazama nyuma yangu kidogo, kama vile bado kuna mtu anateremsha mizigo. Siku ile nikawa mpiga picha wao. Niliwapiga wakiwa majini, juu ya mawe, na wakiwa wameshikana mikono. Kila mara walinishukuru, na mara moja binti aliniomba nisimame nipigwe na mimi. Nilisimama. Sikujua mikono niiweke wapi.

Kesho yake tuliondoka alfajiri na mwongozaji wetu, Mtongwe wa makamo ambaye wazee wake waliishi milima ile kabla haijawa hifadhi. Alitupa barakoa tuzivae tukiwakaribia sokwe, tusije tukawaambukiza mafua yetu. Chini msitu ulikuwa wa joto, umejaa mizabibu mwitu na kelele za ndege. Tulivyozidi kupanda, kelele zikapungua. Tukaingia kwenye mianzi, halafu tukaingia ndani ya lile wingu.

Sijui nilitazamia nini. Labda kitu kama moshi. Kumbe ulikuwa ni unyevu unaotembea, unaoingia kwenye nyusi na ndani ya kola. Miti ilikuwa mifupi, imepinda, imevikwa manyoya ya kijani mpaka kwenye vitawi vyake, na ndevu za kijivu zikining'inia. Mvua haikuwa ikinyesha, ila kila jani lilikuwa likidondosha maji. Nilishika shina moja na mkono wangu ukazama kama kwenye sifongo.

Ukungu ukawa mzito mpaka njia ikapotea. Mwongozaji alituambia tuketi pale pale tulipo tusubiri, akasogea mbele kidogo kuangalia mteremko. Wale vijana walikuwa juu yangu kidogo, chini ya khanga moja. Niliwaona, kisha nikaona khanga tu, kisha sikuona kitu. Nikatoa simu, haikuwa na mtandao. Nikafikiri kwamba hata kama ungekuwepo, sikuwa na mtu anayengoja kusikia kama nimefika.

Ndipo sokwe akaita. Ilianza chini chini kama mtu anayehema, ikapanda, ikawa ukelele mrefu, halafu ikakatika. Mwongozaji alikuwa ametueleza kwamba mmoja akiita, wenzake hujibu kutoka bonde la pili. Nikangoja wajibu. Kimya. Maji yalidondoka. Akaita tena, karibu zaidi na pale nilipoketi, na safari hii mwishoni sauti ilikwaruza kidogo.

"Abee," nikaitika.

Nilitamka kwa sauti, na nilikuwa tayari nimeinua kiuno kutoka kwenye jiwe. Kwa miaka yote ile mama aliniita kutoka chumbani, akitaka maji, akitaka kugeuzwa, au akitaka tu kujua kama nipo, nami niliitika hivyo hivyo kabla akili haijapata habari. Niliketi tena. Nikavua barakoa iliyokuwa shingoni, nikajifunika nayo macho, nikalia. Msibani sikulia. Wakati ule kulikuwa na wageni wa kulisha.

Kitu kizito kilipita kwenye mianzi upande wa kulia. Niliona mgongo mweusi wenye mvi kiunoni, muda mfupi tu, halafu ukungu ukaumeza.

Tulipokuwa tukishuka, mwongozaji alipunguza mwendo mpaka tukawa sambamba. Alinieleza kwamba yule sokwe aliyeita alikuwa dume aliyewahi kuwa mkubwa wa kundi, madume vijana wakampiga na kumfukuza. Huzunguka peke yake. Nikamuuliza kama watampokea tena.

"Wengine hurudi, Mama, wakapokewa. Wengine wakirudi hupigwa vibaya. Huyu sijui," alisema. Tukatembea kidogo. "Nilisikia ukiitika."

Nikamwambia mama yangu amefariki.

"Pole sana. Mbona hukutuambia?"

Alinipa mkono kuvuka kijito, na hakuuliza tena. Wale vijana walikuwa mbele, wakicheka kwa sababu kijana ameteleza akakaa kwenye tope.

Boti ya kurudi ilipofika Ujiji, watu walikuwa wamejaa ufukoni kupokea watu wao. Nilipita katikati yao na begi langu. Nyumbani hewa ilikuwa ya kufungiwa. Nilifungua madirisha, nikaingia chumba cha mama, nikatoa godoro lake nje nikaliegemeza ukutani lipigwe na jua. Kwa wiki zote zile sikuwa nimeweza kuligusa.

Jirani yangu alinisikia, akaja. Aliniuliza kama niliwaona hao sokwe. Nikamwambia nilimwona mmoja, tena mgongo tu.

"Safari yote hiyo kwa mgongo?"

"Ndiyo."

Nilidhani atacheka. Alilitazama godoro, akalishika upande mmoja, tukaligeuza lipate jua upande wa pili. Kisha akavuta kigoda akaketi, nami nikaketi kizingitini. Ilipoadhiniwa magharibi aliaga akaenda kuswali na kuwapikia wajukuu wake, nami nikaliingiza godoro ndani peke yangu, nikilivuta kwenye ule ukumbi mrefu.