Majani Machachu ya Mama Kabira

Mwanangu, ipo siku moja ya Doha ambayo nikiikumbuka hadi leo moyo hunienda mbio. Hebu keti, sanduku utalifunga baadaye.

Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani kule Muaither, pembeni ya Doha, msichana wa Kwale niliyejiona najua mboga zote za Mungu. Mama Kabira, ndivyo tulivyomwita mama mzazi wa bosi, alipenda humeidhi, majani machachu yanayoota kwenye mawe jangwani baada ya mvua. Miguu yake ilikuwa imechoka, basi asubuhi moja familia ilipotoka matembezi jangwani akanituma mimi kuchuma. "Onja kila shina," akaniambia. "Lisilo chachu, tupa."

Na mimi siku hiyo nimefunga! Nalipa siku za Ramadhani zilizonipita kwa mambo yetu ya kike. Kumwambia mbele ya bosi na dereva nikaona haya. Kuonja nikaogopa saumu itaharibika. Nikachuma kwa macho tu, kama mchicha wa kwetu.

Tuliporudi akala bakuli zima. Haikupita saa moja, midomo ikamvimba, akaanza kutapika, macho yakamgeuka. Walahi niliogopa! Niliona jela, niliona ndege ya kurudishwa, nikamwona mama yangu akilia. Bosi akapiga kelele, "Amekula nini?"

"Sijui," nikasema.

Wakamkimbiza hospitali, nikabaki jikoni peke yangu. Hata kuomba dua nilishindwa, maana ningemwomba Mungu kwa ulimi upi? Nikayatoa mabaki kwenye pipa la taka, nikampigia bosi simu huku nalia: ni majani, na aliyechuma ni mimi. Dereva akaja kuyachukua. Daktari alipoyaona ndipo akajua la kufanya.

Mama Kabira alirudi siku ya tatu, amekonda. Nikampigia magoti, nikamweleza yote, hata habari ya saumu. Akaniinua kidevu kwa mkono wake mkavu.

"Majani nimekusamehe, binti yangu. Ungeninong'oneza tu kwamba umefunga, ningekwambia uguse kwa ncha ya ulimi uteme. Lakini ile 'sijui' yako ndiyo ingeniua."

Mwanangu, unakwenda nyumba za watu. Utakosea, na utaogopa. Siwezi kukwambia usiogope. Ila ukikosea sema palepale, hata kama sauti inatetemeka. Na lenye kukutia haya, mnong'oneze mtu mzima mmoja. Haya, nenda. Mungu akulinde, akufanyie wepesi ulimi wako katika kweli, akurudishe kwangu mzima.