Lori Lisiloshika Salamu

Naftaly Njuguna alikuwa dereva wa lori la majani chai, na wakulima wa kutoka Sotik mpaka Chepilat walimjua kwa mambo mawili. Hakuchelewa kufika kituoni hata mvua inyeshe namna gani, na saa saba mchana usingemsemesha. Saa hiyo alipandisha vioo, akainamia redio, na ukimgongea mlango alikuinulia kidole tu: ngoja.

Redio yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kitufe cha kuzungusha. Madereva wenzake walikuwa watu wa FM. Wakipanda kilima walipata muziki, wakishuka bondeni muziki uligeuka mkwaruzo, wakaanza kutukana. Naftaly alikaa kwenye AM, masafa ya kati. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa, lakini haikumwacha njiani. Saa saba ilianza taarifa ya habari, halafu matangazo ya vifo, halafu kipindi cha salamu. Wengine walidhani mzee anapenda habari. Naftaly alikuwa akimsubiri mama yake.

Alizaliwa Chepseon, wazazi wake wakiwa wamehamia huko kutoka Kiambu kabla yake. Baba alikuwa na duka, na mama, Nyathira, alikuwa na shamba la mahindi na ng'ombe wawili wa maziwa. Naftaly alipooa, alioa Mkipsigis, Chepkemoi binti Kiptanui, na harusi ile Wakikuyu na Wakipsigis walikula sahani moja. Baba alikufa mapema. Kisha ukaja uchaguzi ule uliotugombanisha. Duka lilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na Nyathira na kitinda mimba wake, Morris, wakaondoka juu ya lori na magodoro mawili. Walijikuta Ol Kalou. Naftaly hakuondoka. Mzee Kiptanui alimficha kwake karibu na Sotik, akasimama langoni na upinde mkononi, akawaambia vijana wa kijiji chake mwenyewe kwamba wakimtaka mkwe wake waanze na yeye.

Naftaly aliona huo ni wema ambao mtu hawezi kuulipa. Morris aliona kitu kingine.

"Umechagua waliotuchoma," alimwambia siku Naftaly alipokwenda Ol Kalou mara ya kwanza, na hakumfungulia geti.

"Mimi nimechagua bibi yangu, Morris. Hajachoma mtu."

"Basi rudi kwa bibi yako."

Mama alitoka nje akilia, wakashikana mikono kupitia kwenye vyuma vya geti. Naftaly alimpa karatasi yenye namba yake ya simu. Morris aliichukua mkononi mwa mama, akaichana. Naftaly alijaribu kumpigia Morris, mara nyingi sana, akiomba aongee na mama japo dakika moja. Simu ilikatwa kila mara. Alirudi tena Ol Kalou, wakapigana ngumi ndugu wawili wenye mvi mbele ya majirani, na safari hiyo mama mwenyewe ndiye aliyemsihi.

"Usirudi, mwanangu. Mtauana niwazike wote wawili. Mimi nina redio yangu ndogo. Wewe uko na redio kwa lori. Nisalimie huko, nitasikia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Naftaly alinunua kadi za salamu, akajaza, akaposti. Siku jina lake lilipotoka, mtangazaji alisoma: "Naftaly Njuguna, dereva wa chai kule Sotik, anamsalimu mama yake Nyathira wa Ol Kalou. Anasema yuko salama na anamwombea magoti yapone." Naye akiwa njiani alisikia maneno yake mwenyewe, akajua kwamba saa hiyo hiyo mama anayasikia. Baada ya muda jibu lilikuja. Waringa, mke wa Morris, ndiye aliyekuwa akimwandikia mama kadi kwa siri. "Mama Nyathira wa Ol Kalou anamsalimu mwanawe Naftaly huko aliko ndani ya lori. Anasema amesikia. Anasema avae sweta." Naftaly alicheka peke yake mpaka ikabidi asimamishe lori kando ya barabara.

Miaka ilikwenda namna hiyo. Watu walikuja kuwa na simu za kila aina, lakini mama na mwana walibaki kwenye masafa yao ya kati, mahali ambapo mkono wa Morris haukufika.

Halafu kiwanda kikanunua malori mapya. Yalikuja yakimetameta, viti laini, na katikati ya dashibodi skrini kubwa kama televisheni. Siku ya kukabidhiwa funguo madereva wengine walipiga picha. Naftaly aliingia, akaigusagusa skrini ile, akapata FM, akapata Bluetooth, akapata ramani. Aliirudia tangu mwanzo. Kisha akashuka, akaenda ofisini kwa Maxine, mama aliyesimamia usafiri.

"Madam, AM iko wapi kwa hii gari?"

Maxine hakuwa mtu mbaya. Alitabasamu. "Mzee Naftaly, hizi za siku hizi haziji na AM. Nani bado anasikiliza? Unganisha simu yako na Bluetooth, utaskia chochote unataka."

"Simu yangu ni ya kubonyeza."

"Basi uko na FM."

"Stesheni yangu huku kwetu haiko FM. Nipatie tu ile lori ya zamani. Mimi sitaki kiti laini."

"Zimeshauzwa, mzee. Zote."

Akamtafuta Benard, fundi wa umeme wa magari pale Sotik mjini, amfungie redio ya zamani chini ya dashibodi. Benard alikuwa tayari, lakini Maxine aliposikia akakataa. Gari lilikuwa bado chini ya waranti, na waya ukiguswa waliouza hawatalitengeneza bure. Naftaly akanunua redio ya betri, akaiweka kwenye kiti cha abiria. Injini ikizimwa, redio ilizungumza. Akiwasha injini tu, umeme wa lori lile jipya uliifanya redio ikorome kama mtu aliyekabwa, na ndani ya mkoromo ule hukuweza kutofautisha habari na matanga. Akawa anasimama kando ya barabara saa saba, anazima injini ili asikie. Lakini lori lilikuwa na kifaa kinachoonyesha ofisini lilipo, na majani yakikaa juani yanaungua. Akaitwa mara ya kwanza, akaitwa ya pili. Mara ya tatu Maxine alimwambia, kwa upole, kwamba mtu aliyebakisha muda mfupi astaafu hafai kutafuta maneno na kampuni.

"Nipe mimi niskize," alisema Chepkemoi nyumbani. Akabeba redio shambani, akaitundika kwenye tawi huku akichuma chai. Kwa siku chache alileta habari: leo hakuna, leo pia hakuna. Kisha mvua kubwa ikamkuta mbali na tawi, na redio ikaingia maji.

"Nitanunua ingine," alisema Naftaly. Hakununua upesi. Palikuwa na shughuli, palikuwa na uchovu, na pengine alijiambia kwamba mama ameshasalimiwa vya kutosha, mwezi mmoja hautaharibu kitu. Bado alituma kadi. Kama zilisomwa hakujua, na kama zilijibiwa hakujua. Saa saba ikawa saa kama nyingine. Alipita mashamba ya chai kimya, vioo vikiwa wazi, na wakulima waliozoea kidole chake wakashangaa kwamba sasa mzee anaongeleka.

Ni mmoja wa wakulima hao aliyemwambia. Ogoti alikuwa Mkisii mwenye shamba upande wa pili wa Chepilat, mtu mzima ambaye bado alikuwa na redio kubwa ya mbao sebuleni kwake. Siku hiyo majani yalikuwa yakipimwa kituoni. Ogoti alikuja mpaka mlangoni mwa lori, akavua kofia.

"Dere, pole sana."

"Pole ya nini?"

"Ya mama. Sikukuona hapa siku mbili tatu juzi, wakaniambia gari yako iko sarvisi, mimi nikajua wanaficha, umeenda kuzika." Akamtazama Naftaly usoni, na sauti ikapungua. "Si wewe ndiye Naftaly Njuguna, dereva wa chai? Nyathira wa Ol Kalou si mama yako?"

"Ni mama yangu."

"Hukusikia?"

Ogoti alishika mlango wa lori kwa mikono miwili kama anayeuzuia usianguke.

"Ilitangazwa, ndugu yangu. Kwanza waliita jina lako. Naftaly Njuguna popote alipo aombwa kufika nyumbani haraka, mama ni mgonjwa. Waliita leo, wakaita kesho. Mimi nikaambia bibi, huyo ni dere wetu, lazima ameshafika. Halafu ikatangazwa ile ingine."

Majani yalipakiwa mpaka mwisho. Naftaly aliyapeleka kiwandani, kwa sababu mikono ilijua njia, akaegesha, akampa mlinzi funguo. Hakuaga ofisini. Alifika Ol Kalou kesho yake akiwa na Chepkemoi, na safari hii geti lilikuwa wazi, maana hapakuwa tena na wa kufungiwa. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo wake bado mwekundu, maua ya karatasi yamelowa.

Waringa alitoka jikoni, akamwona, akaweka mikono kichwani. Ni yeye aliyemweleza, wamesimama pale pale kaburini. Mama aliugua kifua. Alipoona hainuki tena alimwita Morris akamwambia, mtafute ndugu yako. Morris akasema namba hana. Mama akasema basi tangaza, Naftaly hakosi redio yake saa saba. Morris akatangaza. Tangu hapo mama alikataa kulala akiangalia ukuta. Aligeuzwa atazame mlango.

"Kila gari ikipita," alisema Waringa, "anauliza, hiyo ni lori? Namwambia hapana cucu, ni gari ndogo, probox. Ananiambia, atakuja, ameshasikia. Siku ya mwisho hakuuliza tena. Aliniambia tu, Waringa, kumbe mtoto anaweza kusikia na asije."

Chepkemoi alimshika mumewe mkono. Naftaly aliutoa mkono wake, akaenda kumtafuta Morris.

Morris alikuwa zizini. Alikuwa amezeeka, ana kikohozi, na kwa muda mfupi walitazamana kama watu wanaotaka kukumbatiana na kusahau. Kisha Morris akaongea.

"Umekuja kula nini? Matanga yameisha."

"Sikusikia, Morris. Nilipewa gari ingine. Haishiki AM."

"Haishiki AM." Morris aliyarudia maneno hayo polepole. "Watu wote wa kanisa walisikia. Mpaka wa Chepseon wale tuliishi nao walisikia, wakakuja. Wewe ndio gari yako haishiki."

"Ungepiga simu."

"Namba yako sina."

"Ungetuma mtu."

"Nilifanya vile mama alisema. Alisema redio, nikaenda redio. Usinitafutie makosa. Niliita jina lako Kenya nzima, Naftaly. Kenya nzima."

Naftaly alitaka kumweleza juu ya skrini, na waranti, na redio iliyokoroma kitini, lakini yakiwa kinywani yalikuwa maneno ya kitoto. Alirudi kaburini, akapiga magoti, akasema kwa Kikuyu kwamba hakusikia. Alisema tena kwa sauti zaidi. Waringa aliingia ndani akafunga mlango ili asione.

Kiwandani walimpa pole. Maxine alikuja mwenyewe uani, macho yakiwa mekundu, akasema angejua angefanya mpango, angemwachia Benard aguse ule waya. Naftaly alimwambia asijali. Hakumkasirikia, na hilo lilimshangaza. Alitafuta ndani yake hasira ya kumpa mtu yeyote, Maxine, walioliunda lori, mvua iliyolowesha redio, akakuta kila mmoja alifanya kadogo tu, kadogo kasikotosha kulaumiwa. Aliendesha mpaka siku yake ya kustaafu ikafika, akarudisha funguo, akaingia kuchuma chai na mkewe.

Ilipokaribia Krismasi simu yake iliita akiwa shambani. Sauti aliijua kabla haijajitambulisha.

"Naftaly, ni Morris. Sikiza, chifu anasema hii ploti ya mama haiwezi kuandikishwa bila watoto wote kufika. Sasa unaweza kuja Alhamisi?"

Naftaly aliweka kikapu chini.

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Si iko kwa simu yangu," alisema Morris, bila kufikiri. "Ile ulikuwa unanipigia nayo zamani."

Ng'ombe alilia upande wa Morris. Ndipo Morris naye alipokisikia alichosema, kwa maana alianza kukohoa, na kikohozi kikawa kirefu kuliko kilivyohitajika.

"Naftaly? Uko hapo?"

Alikata simu. Morris alipiga tena, halafu Waringa akapiga, halafu mchungaji wa Ol Kalou. Chepkemoi alimsihi aende. Alimwambia ploti ni ya mama, si ya Morris, na kwamba mtu akishikilia uchungu namna hiyo unamla yeye mwenyewe. Naftaly alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza siku zote, kisha akachukua kikapu akashuka upande wa mtoni ambako chai ilikuwa haijachumwa.

Alhamisi ile hakwenda, wala Alhamisi zilizofuata. Ploti ingali kwa jina la Nyathira. Morris ana mtu anayetaka kuinunua na hawezi kumuuzia. Chepkemoi husema kwa majirani kwamba mumewe alikuwa mtu mpole maisha yake yote, na kwamba huyu anayeishi naye sasa bado hajamzoea.