Chale za Ndui

Sijaona binti Kibwana alipata ndui akiwa msichana, kwao Ruaruke. Ilimchukua mama yake na mdogo wake wa kike, na yeye ikamwachia uhai na uso wenye vishimo kama mchanga uliopigwa na mvua ya kwanza. Tangu hapo, kila ndui ilipoingia kijiji cha jirani, watu walimfuata yeye aje kuuguza, maana aliyekwisha kuugua haimrudii. Aliwaosha wagonjwa, akawalaza juu ya majani ya migomba, na mara nyingi ndiye aliyewafumba macho. Aliitambua ndui kwa harufu, hata vipele havijatokeza.

Wadachi, waliokuwa wakitawala nchi, walipojenga nyumba ya dawa Kibiti, kando ya njia kuu, mchanjaji wao alimtafuta. Aliitwa Mwinjuma, mtu mpole kutoka Bagamoyo. Daktari mwenyewe alipita kwa nadra, na kazi ya kila siku ilikuwa ya Mwinjuma: kusafisha madonda, kutoa kwinini kwa wenye homa, kung'oa meno, na siku za gulio kuchanja ndui. Watu walikuja kwa meno na madonda. Kwa chanjo hawakuja.

"Nataka ukae hapa mlangoni," alimwambia Sijaona. "Nikisema mimi kwamba ndui inaua, hawanisikii. Wakikuona wewe, watasikia."

Maneno hayo yalimchoma. Lakini alikuwa mjane, tena amezika watoto wa watu wengi mno. Akakaa mlangoni. Kina mama walimtazama, wakatazama watoto wao, wakaingia. Yeye aliwapakata watoto huku Mwinjuma akiwakwaruza mkono kwa sindano na kupaka dawa. Mkono ulivimba, ukatunga usaha, ukapona, ukabaki na kovu. Watu waliyaita makovu yale chale za Mdachi, na kwa muda jina hilo halikuwa na ubaya wowote.

Kipupwe cha mwaka wa vita dhidi ya Mdachi, nyumba ya dawa ilianza kuwa tupu. Kwanza walikosekana watu wa ng'ambo ya mto. Halafu hata wenye madonda waliokuwa wakibadilishiwa vitambaa hawakurudi. Njiani wanaume walipita makundi makundi kuelekea kusini, hawana mzigo wa kuuza, na waliposalimiwa waliitika huku wanatazama pembeni. Siku moja mzee mmoja wa Ruaruke alirudisha vidonge vyake vya kwinini, vyote, vimefungwa kwenye jani.

"Havikukufaa, babu?" aliuliza Sijaona.

"Vilinifaa." Mzee aliviweka kizingitini. "Sitakuja tena. Na wewe, mwanangu, usizoee kukaa hapa."

Akashika njia ya kwao.

Wiki hiyohiyo Mwinjuma alimchanja Zamda, binti pekee wa Sijaona. Alikuwa amechanjwa mara ya kwanza na chanjo haikushika. Safari hii ilishika, na bega la mtoto likaanza kuwaka.

Ndipo akaja Bashiru, kaka yake Sijaona, mkata mikoko wa Salale. Alikuwa amefunga punje za mtama kwenye kitambaa kichwani. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akamtazama Zamda aliyekuwa akicheza, akaona mkono.

"Hii ya lini?"

"Ya juzi, kaka."

Bashiru alichutama. "Dada, nimekunywa maji ya dawa, yale yanayozuia risasi. Nusu ya Salale wamekunywa. Wajumbe wa maji watafika Kibiti Ijumaa, na wanasema ile chale ndiyo jicho la Mdachi. Mwenye nayo, maji hayamshiki, na waliosimama karibu naye hayawashiki pia. Unaelewa watafanya nini?"

"Ni mtoto."

"Najua ni mtoto. Ndiyo maana nimekuja kabla yao. Majirani zako wanapaka watoto wao mafuta ya ganda la korosho ili kovu liungue. Fanya hivyo, au ondoka."

Aliondoka bila kunywa hata uji. Jioni hiyo Sijaona alisikia watoto wakilia nyumba hii na nyumba ile, na hakuhitaji kuuliza kwa nini. Mafuta ya korosho huchubua ngozi mpaka nyama.

Asubuhi alimkuta Mwinjuma anafunga virago.

"Twende wote pwani, Mama Zamda," alisema. "Hapa patachomwa."

"Ndugu zangu wako deltani, fundi. Nitakwenda kwao."

Mwinjuma alifikiri, kisha akaushika mkono wa Zamda taratibu. "Basi sikiliza. Watu wakikimbia vita, ndui hukimbia nao. Kidonda hiki kikijaa, majimaji yake ni chanjo. Unaweza kuyatoa hapa ukampaka mwingine. Kikikauka, hapana tena."

Aliacha mlango wazi akaenda. Sijaona alimbeba mwanawe mgongoni, akamfunika bega kwa kanga, akashika njia ya mtoni. Alipogeuka, moshi mzito ulikuwa umesimama juu ya Kibiti.

Salale alimkuta wifi yake, Biasha, na watoto watatu: wasichana wawili na Huseni, mtoto wa mwisho. Bashiru alikuwa vitani. Vibanda vilikuwa vimejaa watu waliokimbia kutoka bara, na katika kimoja, karibu na kisima, alilala kijana mwenye homa. Sijaona hakufika mlangoni. Harufu ilimpokea njiani.

Alirudi kwa Biasha, akamwambia pale pale. "Wifi, ndui iko hapa. Mkono wa Zamda umejaa leo. Nipe watoto niwachanje."

Biasha alijikumbatia kama mtu anayeona baridi. "Baba yao akirudi?"

"Akirudi, akute watoto."

"Na wajumbe je? Wamekwisha kupita hapa. Watapita tena."

"Watapita. Lakini ndui haipiti, wifi. Inakaa."

Kisha Biasha akawaita wasichana. Huseni alimng'ang'ania kifuani.

"Huyu ni wa baba yake," alisema. "Huyu, nitamngoja mwenyewe aamue."

Sijaona alitumia mwiba wa mlimau. Mikono ya wasichana ilishika. Huseni alikaa pembeni akitazama, na mama yake hakubadili neno.

Bashiru alifika wakati vidonda vimeanza kupasuka. Aliviona kabla hajaweka chini mkuki. Hakupiga mtu. Aliketi, akaulaza mkuki mapajani, na Biasha akaanza kulia.

"Umewatia Mdachi mwilini, dada," alisema. "Mimi nakwenda kusimama mbele ya bunduki zake, na wewe umewatia wanangu Mdachi mwilini."

"Nimewakinga na ndui, kaka."

"Mimi ninayo kinga." Akamnyanyua Huseni begani. "Huyu hatakaa na nyie."

Biasha alimfuata mpaka kwenye tope, akimwita. Mtumbwi uliingia kati ya mikoko, na sauti ya Huseni ikasikika kitambo baada ya yeye kutoonekana.

Kabla masika hayajaanza, habari zilifika Salale kwamba maji hayakuzuia risasi. Walioleta habari walizisema kwa sauti ya chini. Kisha askari wa Mdachi walikuja wakachoma mpunga ghalani, na baada ya askari ikaja njaa, na ndui ikazunguka humo humo ndani ya njaa. Ilichukua vibanda vizima. Zamda na wasichana wa Biasha walilala katikati ya wagonjwa wasipate kipele.

Bashiru alirudi peke yake, amekonda, bila kitambaa kichwani. Biasha alitazama nyuma yake, njia yote, kisha akaingia ndani. Ndui ndiyo iliyomchukua Huseni, alisema Bashiru, huko milimani, wala si risasi. Akawaomba wasichana wamwonyeshe mikono. Akayashika makovu yao moja moja kwa kidole gumba, kwa muda mrefu. Biasha hakumpikia tena mumewe. Alimwachia chungu jikoni, ajipikie.

Vita vilipokwisha, nyumba nyingine ya dawa ilijengwa Kibiti, na mchanjaji mgeni akaja na askari wawili wenye bunduki. Habari za Mwinjuma hazikupatikana. Sijaona aliitwa tena, akakaa mlangoni. Hapakuwa na haja ya uso wake. Watu walipanga mstari wenyewe, mifupa imewatoka, wakanyoosha mikono kabla hawajaambiwa. Wengine walikuwa na alama za kuungua begani, mahali pa kovu la zamani. Watoto hawakulia walipokwaruzwa, na askari mmoja alicheka akasema watu wa huku sasa wana adabu.

Adhuhuri Bashiru alikuwa kwenye mstari. Askari alimwuliza alikuwa wapi wakati wa vita. Alisema alikuwa anakata mikoko. Askari alimtazama sana, akayatazama mapaja na mabega yake akitafuta jeraha.

"Huyu ni kaka yangu," alisema Sijaona. "Tulikuwa wote Salale."

Askari hakuondoka. Bashiru alipiga hatua mbele, na Sijaona akaushika mkono wake, akaukaza vizuri ili mchanjaji afanye kazi yake.