Mshonaji Asiyelalamikiwa

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wakazi wote wa mtaa wa Osu, walio hai na waliotangulia, umma unatangaziwa kwamba Chizuru Makabe ndiye fundi nguo bora kuliko wote jijini Nagoya. Ushahidi upo: tangu aanze kazi, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Hakuna aliyesema kola inabana. Hakuna aliyedai mkono mmoja umepita mwenzake. Wamelala kimya, wameridhika.

Chizuru alikuwa anashona sanda.

Alizishona kwa mkono katika karakana ya Mama Yasue, nyuma ya hekalu, nguo nyeupe za kwendea kule tunakokwenda sote. Na sanda ina mwiko wake: uzi haufungwi fundo, si mwanzoni si mwishoni, marehemu asije akanasa hapa duniani akaanza kuwasumbua watu kwenye korido. Mkono wa Chizuru ulishazoea hivyo hivyo. Uliingiza sindano, ukavuta uzi, ukauacha ulale, bila kumuuliza mwenyewe lolote.

Tatizo lilikuwa wanaume. Kila aliyetafutiwa alikuwa mchumba mzuri tu mpaka alipouliza, "Na wewe mwenzangu unafanya kazi gani?" Wa mwisho, karani wa benki, alimaliza kahawa yake kwa adabu zote, akaaga, akavuka barabara. Chizuru alimwona kupitia kioo akinunua pakiti ya chumvi, ile ya kujinyunyizia mtu akitoka mazishini, kuondoa nuksi.

Basi alipotokea Tetsuro Inami, Chizuru aliamua kuufunika ukweli kidogo.

Tetsuro alikuwa mkaangaji wa mabawa ya kuku, mtu mkubwa kama kabati na mwenye haya kama bibi harusi. Alitaka jambo moja duniani: kutokea kwenye gwaride la Agosti, lile ambamo watu wazima wenye mikopo ya nyumba hujigeuza wahusika wa katuni, akiwa amevaa kama Jemadari wa Majivu, mkuu wa mashetani. Alikuja na hariri ya kimono cha bibi yake marehemu, kuukuu kiasi kwamba cherehani ingeitafuna.

"Dada, nimesikia unashona kwa mkono. Nguo gani hasa?"

"Za sherehe."

"Sherehe zipi?"

"Zile ambazo mwenyewe haongei sana."

"Aa, harusi," akasema Tetsuro, kwa imani kabisa.

Huko nyuma Mama Yasue alikohoa mpaka chai ikamwagika.

Kiangazi kizima Tetsuro alikuja kupimwa, ananukia pilipili na mafuta, amebeba mabawa kwenye karatasi. Chizuru alimpima mabega. Kesho yake akampima mabega tena.

"Hayo mabega yanaota?" Mama Yasue akauliza.

"Nahakikisha tu, mama."

"Hakikisha, mwanangu, hakikisha. Kifua nacho hujakihakikisha tangu jana."

Siku ya kujaribisha nguo, Tetsuro alisimama wima, mikono ubavuni, macho amefumba, pumzi ameibana, akiogopa kuiumiza hariri ya bibi. Chizuru alimzunguka, akavuta pindo hapa, akalaza kola pale. Nguo ilimkaa kama amemiminiwa. Hakuwahi kupata mteja hai aliyetulia namna ile, na mkono wake ukajiona upo nyumbani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku ya gwaride jua liliwaka bila huruma. Jemadari wa Majivu alipita katikati ya Osu na watoto wakapiga mayowe ya raha. Alipofika aliposimama Chizuru, akatua, akachomoa upanga wake wa sponji, akauinua juu kabisa.

"Mimi ndimi mwisho wenu!"

Kwapa la kulia likaachia, prrrr. Mkono ukateleza wote ukaanguka chini. Kola ikafuata. Ubavu ukafunguka kama pazia, halafu suruali ikagawanyika, kila mguu ukashika njia yake. Mkuu wa mashetani akabaki na pembe, deraya ya maboksi, na bukta yenye picha za vifaranga.

Mama Yasue aliokota mkono wa nguo, akavuta uzi. Ukatoka wote, laini, kama tambi kwenye supu.

"Hee! Chizuru! Hakuna fundo hata moja! Umemshonea sanda mtu anayetembea!"

Bwana mmoja aliyevaa kama sungura akarudi nyuma. Chizuru aliangalia viatu vyake.

"Ndiyo kazi yangu," akamwambia Tetsuro. "Sherehe zenyewe ni mazishi. Chumvi inauzwa pale dukani, mkono wa kushoto."

Tetsuro akaangalia duka. Akamwangalia Chizuru.

"Chumvi ninayo," akasema. "Si nakaanga kuku?"

Kisha akapiga goti palepale lamini. Kwa sauti yake mwenyewe asingethubutu, kwa hiyo alitumia ya Jemadari.

"Chizuru Makabe! Nina malalamiko! Nguo hii imenivua mbele ya kadamnasi! Nataka unishonee nyingine, yenye mafundo! Halafu nyingine! Ya kazini, ya sikukuu, ya harusi, na nasema wazi, harusi yetu! Na siku ile ikifika, hiyo isiyo na mafundo pia unishonee wewe, asiiguse mtu mwingine!"

Wanawake wakashusha pumzi. Sungura alipenga kamasi kwenye sikio lake mwenyewe. Mama Yasue akalia waziwazi ndani ya hariri ya watu.

Chizuru alimtazama kuanzia pembe mpaka vifaranga. Akatoa utepe wa kupimia mfukoni, akamzungushia kiunoni, akausoma, akausoma tena.

"Punguza mabawa," akasema. "Kitambaa hakitatosha."