Glavu Nyekundu ya Verna Stidham

Verna Stidham ana glavu nyekundu ya jikoni, ile nene ya kutolea vitu kwenye oveni, na glavu hiyo ina mamlaka kuliko mkuu wa chuo chetu cha Pruitt Fork. Mchezaji wetu wa kikapu akisimama kwenye mstari wa mitupo huru, Verna huinyanyua, na upande wetu wote wa ukumbi hufyata mdomo. Husikii hata mtu akitafuna bisi. Akisimama mpinzani, glavu hubaki kwenye mkoba na sisi tunapiga kelele mpaka koo zikauke. Ndivyo tunavyofanya hapa Kentucky, na asiyependa akatazame gofu.

Mimi ni Lonnie, nakaa kiti cha pili kutoka njiani. Kile cha njiani ni chake, alichoachiwa na marehemu mumewe Clyde, na nimekimezea mate miaka mingi kwa sababu goti langu hili bovu linataka nafasi ya kunyooka.

Zamani mchezaji alikuja chuoni na chunusi, akaondoka miaka minne baadaye ana ndevu na shahada, na sisi tunamjua mpaka jina la mbwa wao. Siku hizi wanalipwa, na kila majira ya kuchipua wanahama kumfuata mwenye dau nono. Sisemi wasilipwe. Nasema tu kwamba nikishamzoea kijana, nakuta amevaa jezi ya watu wengine, na inaniuma.

Aliyetuuma kuliko wote ni Jamarion Pettway. Alipofika hapa, mitupo huru ilikuwa ikimtoa jasho kuliko mbio. Kila Jumapili alikula kwa Verna maharage na mkate wa mahindi, akijikatia kipande cha pembeni, chenye ukoko, bila kuomba ruhusa. Mwaka jana akahamia chuo cha Whitcomb, mahasimu wetu wa kufa na kupona, kwa pesa ambazo mji wetu mzima usingeweza kuzichanga. Verna alizisikia habari hizo kwenye redio kama sisi wengine. Hilo ndilo lililomkata maini.

"Akija hapa nitamzomea mpaka meno ya bandia yanitoke," aliniambia.

"Wewe? Huna ubavu huo."

"Nisipomzomea, kiti cha Clyde ni chako."

"Usije ukanigeuka, mama."

"Wewe andaa makalio yako tu, Lonnie."

Whitcomb wakaja Februari. Jamarion alipoingia, ukumbi mzima ulimzomea. Mimi nilimwita msaliti, nikamwita na mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji. Verna alikuwa kimya.

"Vipi, umemeza ulimi?" nikamchokoza.

"Naitunza sauti."

Nikaanza kukipima kile kiti kwa macho.

Mwishoni kabisa tulikuwa mbele kwa pointi moja. Jamarion akachezewa rafu, akapewa mitupo miwili. Kelele zikalipuka. Akaudundisha mpira, akavuta pumzi, kisha akainua macho kwenye viti vyetu, kama alivyozoea alipokuwa wetu.

Glavu ikapanda juu.

Upande wetu ukanyamaza palepale. Wa upande wa pili wakashangaa, nao wakanyamaza. Mpira wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Tukafungwa.

"Verna!" nikafoka. "Umefanya nini?"

"Nimekosea! Mkono umezoea!"

"Mama, Whitcomb wamekulipa dola ngapi?" mtu akapayuka nyuma yetu, na viti vyote vikaangua kicheko. Tumetoka kufungwa na mahasimu, na watu wanacheka hadi wanashikana mabega! Verna mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ile glavu.

Jamarion akapanda ngazi mpaka tulipo.

"Mama Verna, kwa kelele zile nilijua sitoboi."

"Nyamaza. Uliondoka bila kuaga."

Akainamisha kichwa. "Ningekuaga, nisingeondoka."

Verna akamchapa begani na glavu, kisha akatoa kwenye mkoba kifurushi cha foili. Ndani kulikuwa na mkate wa mahindi, kipande cha pembeni. Kijana akaula papo hapo, makombo yakidondokea ile jezi ninayoichukia, na sijui kwa nini nilifurahi vile.

"Na mkate nao umeuoka kwa kukosea?" nilimuuliza Verna, kijana alipokwisha kwenda.

"Nimeshindwa, kiti chukua." Akasimama kunipisha. "Ila niambie kitu, Lonnie. Mimi mkono wangu ulikosea. Wewe mdomo wako ulifungwa na nani?"

Maana nami nilinyamaza. Nilikuwa katikati ya kumwita msaliti, neno nikalimeza nusu, na mpira ulipokuwa hewani nilikuwa nimefumba macho nikimwombea uingie.

Nikarudi kukaa kwenye kiti changu cha pili.