Sahani za Ohio

Jirani yangu wa mtaa wa Remera, fundi cherehani, hakukubali kupakuliwa chakula, hata harusini, kabla hajaigeuza sahani asome muhuri wa chini. Alikusanya sahani za zamani za udongo kutoka Amerika, akizinunua kwa Wamarekani waliokuwa wakihama Kigali. Kila Jumapili alizifuta kwa kitambaa laini, huku kidole chake kikifuata nyufa nyembamba kama nywele.

Mwaka 1992 aliandikia kiwanda kilichotajwa kwenye muhuri, huko Ohio, akiuliza ni nani waliochora maua ya sahani zake. Jibu lilikuja baada ya miezi saba, kwa Kiingereza, akaniita kwake nimsomee. Aliyeandika ni mkutubi wa mji wa kiwanda hicho, aliyekabidhiwa barua yake: kiwanda kilifungwa zamani, na maua yalichorwa na wanawake ambao majina yao hayakuhifadhiwa popote.

Alinyoosha bahasha kwa kiganja, tena na tena.

“Hata jina moja haiko?” aliuliza kwa sauti yake ndogo.

“Hata moja, dada.”

Tulikuwa majirani miaka sita bila yeye kunikaribisha mezani. Siku hiyo alipakua maharage kwenye sahani mbili za maua, moja akaniwekea mimi.

“Kaa tule,” alisema. “Mimi nakulaka peke yangu tu, kila siku.”